Tembe ya kifafa isiyotaka kukatizwa ghafla

Hebu msomaji tumchukue kijana wa miaka 22, fundi wa magari mtaani. Amekuwa akiugua kifafa tangu utotoni, na kwa miaka mitatu sasa anameza tembe mbili ndogo kila usiku kabla ya kulala. Mwaka mzima umepita bila yeye kuanguka hata mara moja. Tembe zenyewe zinamwachia usingizi asubuhi, tajiri wake amemwonya mara mbili kwa kuchelewa kazini, na isitoshe anajiona amepona. Jumapili moja anaamua kuupumzisha mwili.

Jumatatu hana neno. Jumanne na Jumatano vivyo hivyo, tena anajihisi mwepesi kuliko alivyowahi kuwa kwa muda mrefu. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, anaanguka gerejini kando ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Kifafa kinampiga mfululizo na hakikomi hadi afikishwe hospitalini.

Nyumbani jamaa watatafuta sababu. Atatajwa jirani mwenye kijicho, zitatajwa pepo, utatajwa uchovu wa kazi. Ni wachache watakaoikumbuka Jumapili ile, maana siku 11 ni nyingi mno kwa mtu kudhani kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini daktari yeyote anayetibu kifafa atakwambia kwamba anamfahamu.

Tembe anazomeza ni za fenobabitoni. Hii ndiyo dawa ya kifafa ya bei nafuu zaidi na ndiyo kongwe zaidi kati ya zote ambazo bado zinatumika kwa wingi. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Yamkini msomaji ana jamaa au jirani anayeimeza bila kutangaza, kwa kuwa kifafa bado ni ugonjwa unaofichwa. Ni dawa njema ikitumiwa ipasavyo, lakini ina tabia zake, na asiyezijua tabia hizo huishia kuilaumu bure au kuiacha wakati mbaya.

Daktari aliyenyimwa usingizi

Fenobabitoni ilianza kuuzwa mwaka 1912 na kampuni ya Bayer ya Ujerumani kwa jina la Luminal. Haikutengenezwa kwa ajili ya kifafa. Ilikuwa dawa ya usingizi.

Mwaka huo huo daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann alikuwa akifanya kazi mjini Freiburg, na makao yake yalikuwa karibu na wodi ya wagonjwa wa kifafa. Kuanguka kwao usiku kulimkosesha usingizi. Akaamua kuwapa Luminal, wao walale naye alale. Alichokiona baadaye hakukitarajia. Wagonjwa hawakutulia usiku pekee. Hata mchana, wakiwa macho, idadi ya mara walizoanguka ilishuka. Akaandika habari hizo, na tangu hapo dawa ya usingizi ikawa dawa ya kifafa.

Kabla ya hapo madaktari walitegemea chumvi za bromaidi, ambazo zilikuwa zikitumiwa tangu mwaka 1857 huko London. Zilisaidia kiasi, lakini ziliwaacha wagonjwa wakiwa wazito wa akili na wenye vipele vibaya usoni.

Polisi wa trafiki kichwani

Ili kuelewa namna fenobabitoni inavyofanya kazi, ni lazima kwanza tujue kifafa ni nini. Ubongo una mabilioni ya chembe zinazopashana habari kwa umeme mdogo mdogo. Kwa kawaida chembe hizo hupokezana: hizi zikitoa ishara, nyingine zimetulia. Kifafa hutokea wakati kundi kubwa la chembe linapotoa umeme kwa pamoja na kwa fujo. Fujo hiyo ikianzia sehemu moja, mgonjwa huenda akatikisika mkono mmoja tu au akaduwaa kwa muda akitafunatafuna midomo. Ikienea ubongo mzima, huanguka, hukakamaa na kutikisika mwili wote.

Mfano ulio karibu nasi ni mzunguko wa barabara jijini Nairobi saa 12 jioni. Magari yote yana haraka, na kinachozuia yasigongane ni mkono wa polisi wa trafiki. Upande huu husimama, ule ukapita. Ubongo nao una polisi wake. Ni kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza chembe. Gaba ikiigusa chembe, hufungua milango midogo inayoruhusu madini ya kloraidi kuingia ndani, na chembe iliyopokea kloraidi huwa nzito kutoa umeme.

Fenobabitoni haiongezi polisi. Inachofanya ni kuufanya mkono wa polisi aliyepo ubaki juu kwa muda mrefu zaidi. Milango ya kloraidi ikishafunguliwa na gaba, dawa huifanya ichelewe kufungika. (Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, ni ndugu yake wa mbali. Hiyo huifanya milango ifunguke mara nyingi zaidi.) Matokeo ni kwamba hata chembe zenye fujo hushindwa kuwasha wenzake, na moto unazimika kabla haujaenea.

Hapo msomaji atatambua kwa nini dawa hii inaleta usingizi. Polisi huyu hasimamishi barabara yenye fujo pekee. Anazisimamisha zote, pamoja na zile za kuamka, kukumbuka na kufikiri upesi. Na hapo pia ndipo ilipo hatari ya kumeza tembe nyingi kupita kiasi. Kipimo kikiwa kikubwa sana, fenobabitoni huifungua milango yenyewe bila hata kuisubiri gaba, na sehemu ya ubongo inayoamrisha mapafu kupumua inaweza kunyamaza. Ndiyo sababu dawa hii ni ya kufungiwa kabatini mbali na watoto. Imewekwa pia chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, na haipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari.

Dawa inayoingia polepole na kutoka polepole

Tabia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kujulikana kuliko zote, ni mwendo wa dawa hii mwilini. Mtu akimeza panadol, nusu ya dawa huwa imekwisha kuondoka damuni kwa muda wa saa 2 au 3. Fenobabitoni sivyo. Kwa mtu mzima, nusu yake huchukua siku 3 hadi 5 kuondoka, na wakati mwingine zaidi ya hapo.

Tuseme ni siku 4, tupige hesabu. Mgonjwa anayeanza leo kumeza tembe zilezile kila usiku atakuwa na nusu tu ya kiasi kinachotakiwa damuni baada ya siku 4. Baada ya siku 8 atakuwa na robo tatu. Baada ya siku 16 atakuwa amekaribia kiasi chake kamili. Hivyo basi ni wiki mbili hadi tatu kabla dawa haijafika ilikokuwa ikienda. Akianguka siku ya tano na kusema kwamba dawa haifai, atakuwa ameihukumu kesi kabla mashahidi hawajafika. Daktari naye hana sababu ya kuongeza kipimo kila baada ya siku mbili, kwa kuwa hajaona bado kile cha kwanza kitafanya nini.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomponza fundi wetu. Alipoacha Jumapili, damu yake ilikuwa na akiba. Alhamisi ya kwanza alikuwa bado ana nusu yake. Siku ya nane alibaki na robo. Kila siku alijiona salama, na kwa kweli alikuwa bado anakingwa na tembe alizomeza wiki iliyopita. Akiba ilipopungua kiasi cha kutotosha, ubongo uliokuwa umezoea kutulizwa kwa miaka mitatu ukajikuta hauna wa kuutuliza. Mazoea hayo ndiyo yanayofanya kuacha ghafla kuwe kubaya kuliko kutowahi kuanza. Kifafa hakirudi tu kilivyokuwa. Huweza kurudi kwa kishindo, mgonjwa akaanguka tena na tena bila kupata fahamu katikati. Hali hiyo inaua.

Kuna faida pia katika mwendo huu wa polepole. Dawa inamezwa mara moja tu kwa siku, na aliyesahau usiku mmoja hahitaji kutaharuki. Ameze anapokumbuka asubuhi, kisha usiku aendelee na kipimo chake cha kawaida. Asimeze maradufu ili kufidia.

Nakuru na Kilifi

Je, inasaidia kweli? Jibu moja zuri lilitoka humu humu nchini. Katika eneo la Nakuru, madaktari na wahudumu wa afya wa kawaida walitibu wagonjwa 302 wa kifafa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991 katika jarida la Lancet la Uingereza. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa fenobabitoni, wengine kabamazepini, ambayo ni dawa ya baadaye na ya bei ya juu zaidi. Waliokamilisha miezi 12 walikuwa 249. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 53 yao hawakuanguka kamwe, na wengine asilimia 26 walipungukiwa na kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kati ya dawa hizo mbili haikuonekana tofauti kubwa, si ya nguvu wala ya madhara.

Kwa hiyo mtu asiidharau tembe kwa sababu ni rahisi. WHO linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatambuliwa na kutibiwa inavyotakiwa. Tatizo letu liko kwingine. Huko Kilifi watafiti walipima damu ya watu wenye kifafa, na katika taarifa yao ya mwaka 2012 ikaonekana kwamba zaidi ya nusu hawakuwa na dawa ya kifafa damuni. Huko ni kuanguka ambako tembe ya shilingi chache ingekuzuia.

Lakini Kilifi ilitoa funzo jingine, tena chungu. Watoto wenye malaria iliyopanda ubongoni hushikwa na degedege mara kwa mara, na degedege hizo zinaweza kuwaachia ulemavu. Wataalamu walijiuliza kama sindano moja kubwa ya fenobabitoni mtoto anapolazwa ingezuia hayo. Watoto 340 walishirikishwa, nusu wakapewa dawa na nusu sindano isiyokuwa na dawa. Degedege zilipungua kutoka asilimia 27 hadi 11. Hata hivyo, watoto 30 waliopewa dawa walifariki, ilhali katika kundi lingine walifariki 14. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2000. Waliokuwa katika hatari kubwa ni wale waliokuwa pia wamepigwa sindano kadhaa za diazepamu: mikono miwili ya kutuliza iliinuliwa kwa wakati mmoja juu ya mtoto mdogo aliye hoi, na pumzi ikakatika.

Sielezi hayo ili kumtisha mzazi. Fenobabitoni ya sindano bado inatumiwa hospitalini kwa watoto wachanga wenye degedege, na pia kwa wagonjwa ambao kifafa kimekataa kukoma, chini ya macho ya wauguzi na penye vifaa vya kusaidia kupumua. Nayaeleza kwa sababu wapo wanaoamini kwamba dawa ya zamani haiwezi kudhuru, na wapo wanaoichanganya na vituliza-akili vingine bila kuuliza.

Mambo inayoyaleta mwilini

Malalamiko ya kwanza ni usingizi na uzito wa kichwa. Kwa wengi hali hii hupungua baada ya wiki chache mwili ukizoea. Ndiyo sababu tembe humezwa usiku, na ndiyo sababu daktari huanza na kipimo kidogo, mathalani miligramu 30 au 60 kwa mtu mzima, kisha akapandisha taratibu. Usingizi usioisha baada ya mwezi mmoja unafaa kuripotiwa. Huenda kipimo ni kikubwa na kinaweza kupunguzwa bila kifafa kurudi. Ikiwezekana damu hupimwa; kiasi kinachotakiwa ni kati ya miligramu 15 na 40 hivi kwa kila lita. Fundi wetu alihitaji hasa mazungumzo ya aina hiyo kuhusu kuchelewa kwake kazini, lakini hakwenda kumwambia mtu.

Watoto wengine hawasinzii hata kidogo. Kinyume chake, hupata utundu usio wa kawaida: hawatulii darasani, wana hasira, hawalali. Mzazi hudhani ni tabia mbaya na mwalimu huchukua kiboko. Mtoto aliyebadilika hivyo baada ya kuanza dawa arudishwe kliniki, kwa sababu zipo dawa nyingine zinazoweza kumfaa zaidi. Wazee nao huweza kuchanganyikiwa na kuyumba wakitembea, na kuanguka kwa mzee ni jambo la kuvunja nyonga. Wengine, wa umri wowote, huingiwa na huzuni nzito. Mwenye kuwaza kujidhuru aseme mara moja.

Upele ni habari tofauti, na hapa ndipo kanuni ya kutoacha ghafla inapovunjwa. Katika wiki za mwanzo, mgonjwa akitokwa na upele pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inayobabuka, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo na tembe zake mkononi. Ni tukio la nadra, lakini likitokea huweza kuua, na dawa husimamishwa papo hapo na madaktari huku wakimkinga na kifafa kwa njia nyingine.

Wanaoimeza kwa miaka mingi huweza kupungukiwa na vitamini D na mifupa ikadhoofika, au kupungukiwa na foliki, ambayo ni vitamini ya kutengenezea damu. Ufizi uliovimba, ambao watu wengi huulaumu kwa kila dawa ya kifafa, kwa kawaida ni kazi ya fenitoini.

Tuongeze kwamba si kila kifafa kinatibika kwa tembe hii. Kuna aina ya watoto ambapo mtoto huduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, bila kuanguka. Fenobabitoni haisaidii aina hiyo na huenda ikaizidisha. Ndiyo maana daktari huuliza aliyeshuhudia ameona nini hasa. Nenda kliniki na mtu aliyekuona ukianguka.

Ugomvi na dawa nyingine

Ini ndilo linalozivunjavunja dawa nyingi mwilini. Fenobabitoni hulichochea ini lifanye kazi kwa kasi, na dawa nyingine huondolewa kabla hazijamaliza kazi yake. Wanaoathirika sana ni akina mama wanaopanga uzazi. Tembe za kupanga uzazi hupungua nguvu, na vipandikizi vya mkononi vilevile. Mwanamke anaweza kupata mimba huku akimeza tembe zake bila kukosa hata siku moja, na ugomvi ukazuka nyumbani bila sababu. Sindano ya miezi mitatu au koili haina tatizo hilo.

Anayemeza dawa za kupunguza makali ya ukimwi naye awe mwangalifu. Dolutegraviri, ambayo sasa ni nguzo ya matibabu hayo nchini, hupunguzwa damuni na fenobabitoni kiasi kwamba virusi vinaweza kupata mwanya. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi huhudhuria kliniki mbili tofauti, kila moja ikiwa na kadi yake, na huenda hakuna anayeziona zote mbili. Beba kadi zote kila uendako. Jambo hilo linahusu pia dawa za kuzuia damu kuganda.

Pombe ni ya kuepukwa. Nayo huinua mkono wa polisi uleule, na mchanganyiko huo humlaza mtu usingizi mzito kupita kiasi. Asubuhi yake, pombe ikitoka, ubongo hushtuka, na huo ndio wakati wengi huanguka. Wapo wanaoruka tembe siku za harusi na sikukuu ili wanywe. Hao wamejitafutia hatari pande zote mbili.

Mwanamke mwenye kifafa anayetaka mtoto amwone daktari kabla ya kushika mimba. Fenobabitoni huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro, kwa mfano za moyo au mdomo uliopasuka, hasa ikiwa kipimo ni kikubwa. Walakini kuanguka kwa mama mjamzito kunaweza kumuumiza yeye na mtoto, kwa hiyo kuzitupa tembe siku anapogundua ana mimba si dawa. Huandikiwa foliki mapema, na mtoto akizaliwa hupigwa sindano ya vitamini K ili asivuje damu. Mtoto anayenyonya aangaliwe kama anasinzia kupita kiasi. Iwapo dawa itabadilishwa, si vyema kukimbilia valproeti, kwani hiyo ina hatari kubwa zaidi kwa mtoto aliye tumboni.

Zikiwepo dawa za baadaye kama lamotrijini na levetirasetamu, madaktari wengi sasa huzitanguliza. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unaelekea huko pia, fenobabitoni ikiwekwa kwa pale ambapo hizo hazipatikani. Kwa mgonjwa mwenye uwezo na mwenye kliniki karibu, hilo ni jambo la kuzungumza na daktari. Kwa mgonjwa ambaye dawa ghali ataimeza mwezi mmoja na kuikosa miwili, mimi ningechagua tembe rahisi isiyokosekana.

Namna ya kuiacha

Wapo wanaoacha dawa na wasianguke tena. Kwa kawaida daktari huanza kulifikiria jambo hilo baada ya miaka miwili au zaidi bila kifafa, akizingatia chanzo chake. Aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani, au aliye na kovu la ubongo lililoachwa na minyoo ya nyama ya nguruwe, huenda akahitaji dawa maisha yake yote. Wakikubaliana kuacha, kipimo hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi mingi, na kila hatua hupewa muda wa kujionyesha. Wakati wa kubadilisha dawa, ile mpya huingizwa kwanza ndipo ya zamani ipunguzwe.

Wengi, hata hivyo, hawaachi kwa kupenda. Dawa huisha hospitalini, au mshahara huchelewa. Ukibaki na tembe za siku 10, anza kutafuta nyingine, usingoje chupa itoe mlio wa utupu. Ukizikosa kabisa, mwone daktari kabla akiba ya damuni haijaisha. Unazo siku chache za kufanya hivyo, na daktari anaweza kukuhamishia kwa dawa nyingine kabla hujaanguka.

Aliye karibu na mtu anayepigwa na kifafa asimtie kijiko mdomoni wala kumbana mikono. Amwondolee vitu vigumu na moto, amtilie kitu laini chini ya kichwa, na kutikisika kukikoma amgeuze ubavu. Povu halimwambukizi mtu kifafa. Atazame saa: ikipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali.

Naye fundi wetu, akitoka wodini, ataandikiwa tembe upya. Isipokuwa kama alijaziwa dawa kwa sindano akiwa amelazwa, hesabu yake inaanzia mwanzo: siku 4 nusu, siku 8 robo tatu, wiki mbili hadi tatu ndipo akamilike. Katika wiki hizo asilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, asipande ngazi, asiendeshe gari la mteja kulijaribu barabarani, na tajiri wake aelezwe sababu.